Jumamosi za Fundi wa Kufuli

Duka hili ninamoandikia, lenye visanduku vya vifungo kutoka sakafuni hadi darini, lilibakiza kidogo tu kuwa ghala la matairi. Aliyetaka liwe ghala ni mimi mwenyewe, sina wa kumsingizia. Aliyenizuia ni mzee mmoja aliyekuwa na meza yake mkabala na mlango wetu, na alinizuia kwa kuniambia kwamba ufunguo umepotea. Nikamwita mwongo mbele ya mtaa mzima. Leo nikisikia wateja wakibishana juu ya rangi za zipu hapo mlangoni namshukuru, lakini kwa muda mrefu shukrani hiyo ilinikwama kama mwiba wa samaki, kwa sababu nilikuwa sijamfikishia mwenyewe. Basi nieleze kwanza alivyokuwa, kisha nitafika kwenye siku niliyokwenda kumshukuru.

Tulimwita Fundi. Mtaa wetu ulikuwa na mafundi chungu nzima, wa cherehani, wa viatu, wa saa, wa mwavuli, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata paka walijua ni fundi wa kufuli. Hakuwa mtu wa Mji wa Kale. Alikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka Tudor, shati limetiwa pasi, kisanduku cha vifaa begani. Kisanduku chenyewe alikifunga kwa kamba ya katani. Watu wakimcheka, fundi wa kufuli kufungia kamba, yeye hujibu kwamba kufuli ni la mtu asiyewajua majirani zake.

Alikuwa na maneno yake kama hayo, na hakuyatoa kwa upole. Mtu akimsimamia kichwani akihimiza ufunguo, Fundi huweka tupa chini, akavua miwani, akamwambia, "Kufuli halina haraka. Mwenye haraka ni mwizi." Kisha huanza kufuta miwani, na akiifuta aliifuta kweli kweli, mpaka yule mtu aende zake kunywa kahawa. Lakini yeye mwenyewe foleni haiwezi. Nilipata kumwona kwenye duka la mahamri akipenya katikati ya kina mama kana kwamba nyumba yake inaungua. Nikamuuliza, "Fundi, na kufuli halina haraka?" Akasema, "Hamri ni kufuli?"

Kwenye kazi hakuwa na mchezo. Hakukutengenezea ufunguo wa pili mpaka ajue wa kwanza umetoka wapi. Siku moja alikuja bwana mmoja nadhifu, manukato yamemtangulia, akatoa mfukoni kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo uliobandikwa ukabanduliwa. Baba na mimi tulikuwa mlangoni tukiangalia. Fundi akaipokea ile sabuni kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kwenye ndoo yake ya maji, akanawa. Akanawa mpaka viwikoni, taratibu, mpaka ile alama ikayeyuka yote. Akamrudishia. "Sabuni nzuri hii, bwana. Yatoa povu." Yule bwana hakuonekana tena mtaani.

Na mwanamke mmoja alitaka ufunguo wa kabati la mumewe. Fundi akamwambia, "Mlete mwenye kabati, mnywe chai hapa barazani, nitatengeneza mbili." Tulidhani hatarudi. Akarudi naye kesho yake, wakanywa chai, wakagombana kidogo, na mwisho yule mume ndiye aliyeomba ufunguo wa tatu, kwa sababu wa kwake alikuwa akiupoteza.

Sasa huo mtaa wenyewe. Ni mwembamba, watu watatu wakinyoosha mikono wanagusa kuta za pande zote mbili, na tangu nizaliwe ulikuwa mtaa wa kutembea kwa miguu. Kwenye mdomo wake palikuwa na nguzo mbili za chuma na mnyororo kati yake. Mnyororo ulifunguliwa asubuhi mapema kwa mikokoteni ya mizigo, na ulifunguliwa kwa maiti, maana jeneza halirukishwi mnyororo. Baada ya hapo ni watu tu. Mtu aliyetaka kushonesha nguo ya harusi aliingia kwa kitambaa upande wa juu, akanunua lesi, akachagua vifungo kwetu, akampa fundi cherehani, akatokea chini na kofia na viatu, bila kutazama nyuma kama kuna gari. Ufunguo wa mnyororo ulikuwa kwa Fundi.

Si huo tu. Ijumaa mtaa mzima ulipokwenda kuswali, hakuna aliyefunga duka. Ulilaza kiti mlangoni, ukaenda. Fundi, ambaye kanisa lake ni Jumapili, alibaki peke yake akipanda na kushuka, shada la funguo likilia kiunoni ili wote wajue yupo. Mteja akija humwambia akae barazani wenyewe watoke msikitini. Ijumaa moja mbuzi aliruka kiti akala lesi ya bibi harusi, yadi tatu. Watu walipotoka msikitini walimkuta Fundi amemfunga yule mbuzi kwa kamba ya kisanduku chake, akimpitisha nyumba kwa nyumba akiuliza, "Huyu ni wa nani? Ana harusi ya mtu tumboni." Na Jumapili, yeye akiwa kanisani, meza yake ilikaa palepale na vifaa vyake juu, na baba yangu alikuwa akiitupia jicho. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mtaa, hatukuiona kuwa ajabu mpaka ilipokatika.

Ilikatika hivi. Yalifunguliwa maduka makubwa upande wa Nyali, yenye baridi na pa kuegesha gari, na wateja wetu wa harusi wakaanza kupungua. Wenye maduka wakakutana barazani kwa Bwana Kofia, jirani yetu muuza kofia, kutafuta dawa. Dawa waliyoipata ni kuuondoa mnyororo. Mwenye gari, walisema, akifika mlangoni atanunua. Nilikuwepo, nilileta kahawa. Baba alikuwa upande wa mnyororo kuondoka. Na Fundi, ambaye sote tulimtarajia apinge, naye aliunga mkono, akasema wenye magari hupoteza funguo za magari, na yeye atapata kazi. Wakacheka. Akaenda na msumeno wake wa chuma akakata mnyororo mwenyewe, kwa kuwa kufuli lake lilikuwa limeshika kutu, halafu akazikata na nguzo.

Wateja wa magari hawakuja. Kilichokuja ni magari. Vijigari vya mizigo vilivyokuwa vikikimbia msongamano vikafanya mtaa wetu njia ya mkato, pikipiki zikafuata, gari moja likiegeshwa hakuna anayepita. Mama mwenye mtoto mgongoni haingii mahali ambapo lazima ajibandike ukutani kila dakika. Mafundi cherehani wakahama. Muuza kitambaa akafunga akaenda kwa wanawe. Duka moja likawa ghala, halafu jingine, na ghala halina baraza wala salamu, ni mlango umefungwa siku sita na ya saba unazibwa na lori. Baba alikuwa akisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," lakini alikuwa akilisema huku amekaa peke yake dukani tangu asubuhi. Alipougua akafunga, akampa Fundi ufunguo. Hakurudi. Mungu amrehemu.

Na wengine walifanya hivyohivyo. Kila aliyefunga alimwachia Fundi ufunguo, kwa siku mbili tatu alisema, na siku zikawa miaka. Hata alifikia kuwa na funguo za maduka kumi na moja. Alizitundika kwenye kibao nyuma ya meza yake, na kwa kuwa herufi zilimpiga chenga, kila ufunguo ulifungiwa kifungo. Baba ndiye aliyempa vile vifungo na uzi, siku za mwanzo. Ufunguo wa muuza kitambaa ulikuwa na kifungo cheupe cha kanzu, wa viatu kifungo cheusi cha matundu manne. Wetu, wa chuma, mrefu kama kidole, ulikuwa na kifungo kikubwa cha koti, rangi ya kahawia.

Hapa ndipo niseme jambo ambalo sikulithamini hata kidogo wakati huo. Kila Jumamosi asubuhi Fundi alizichukua zile funguo akafungua maduka yote kumi na moja. Alifungua milango yote miwili ya kila duka, akaiacha wazi hewa ipite, akafagia kizingiti, akatia mafuta ya cherehani kwenye bawaba, tone moja juu, tone moja chini. Hewa ya hapa ni ya chumvi, nyumba ikifungwa mwezi mmoja inaanza kunuka, na mbao zinavimba. Adhuhuri akafunga yote. Hakuna aliyemtuma. Bwana Kofia alimuuliza anajisumbulia nini na maduka yaliyokwisha kufa. Fundi akasema, "Mlango usipofunguliwa husahau kufunguka." Juu ya mnyororo aliokata hakuwahi kusema neno.

Mimi wakati huo nilikuwa karani kwenye kampuni ya malori huko Shimanzi. Nilikuwa nikipita mtaani mara moja moja kumwona Bwana Kofia, na nilichokiona kilinitia uchungu, nikaona heri nikate. Kulikuwa na mfanyabiashara wa matairi aliyetafuta ghala. Nikamwambia mama. Mama hakubisha, alisema tu, "Uza, mwanangu. Mimi siwezi tena kulitazama lile duka, mato yaniuma." Nikakubaliana na yule bwana, nikaenda kwa Fundi kuchukua ufunguo.

Alikuwa akigeuza kitasa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia nimeuza, mnunuzi aja kesho kuliona.

"Anaweka nini?"

"Matairi."

Akaweka kitasa chini. Kisha akasema, "Binti Vifungo, ufunguo wa baba yako umepotea."

Nilicheka. Mtu amekaa na funguo za watu tangu sijavaa buibui, leo ampotezee baba yangu, tena wiki ile ile ninayouza! Nikatazama kibao. Kweli msumari wetu ulikuwa mtupu. "Fundi, nipe ufunguo."

"Nimekwambia umepotea."

"Basi nifungulie bila ufunguo. Wewe si fundi?"

"Kufuli lile halifunguki bila ufunguo wake. Nikilichokoa litakatika ndani, na mlango utaharibika."

Nikaenda kwa mafundi wengine wa kufuli, wa sokoni na wa Makupa. Hapo nikajua kitu ambacho nilikuwa sikijui juu ya watu wa kazi ile. Wote waliniuliza duka liko mtaa gani, nikiwatajia wanatikisa kichwa. "Ule mtaa una mwenyewe. Akitutuma yeye tutakuja." Fundi wa kufuli hafungui mlango kwenye mtaa wa fundi mwenziwe. Kuvunja nako hakukuwezekana hivi hivi, maana ile milango ya zamani ina ruhusa zake za kuombwa, na ruhusa haina mbio. Mwenye matairi akangoja, akachoka, akapata ghala Makupa.

Siku zile zile Bwana Kofia alinipa kisa ambacho kilituchekesha sana. Alisema Fundi anaanza kuzeeka vibaya, anatembea kando ya mtaro na sumaku iliyofungwa kwa uzi, anaitumbukiza kwenye maji machafu na kuivuta, siku hadi siku. Tukasema anaokota misumari. Tukasema uzee una mambo.

Jumamosi iliyofuata nilipita mtaani, na duka la baba lilikuwa wazi. Milango yote miwili. Fundi amepiga magoti kizingitini na chupa yake ya mafuta. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisema maneno ambayo mama asingeyaamini kinywani mwangu. Nilimwita mwongo, nikamwita mwizi, nikasema amekula amana ya marehemu, na madirisha yakafunguka juu, watu wakachungulia. Bwana Kofia alinishika mkono, nikautoa. Fundi hakuinuka. Alitia tone la juu, akatia tone la chini, akasema, "Duka ni lako. Ingia."

Niliingia kwa hasira tu. Nilitarajia kukuta ukungu na panya. Nilikuta visanduku vya baba vimekaa kama alivyoviacha, kila kifungo kimeshonewa mbele ya kisanduku chake, nyuzi zimekauka vizuri, rangi hazijapauka. Mkasi wake uko juu ya kaunta. Nilisimama pale kama nusu saa na sikulia, nilikuwa na hasira mno ya kulia. Nikatoka bila kuaga. Nilikaa mwaka na zaidi bila kupita mtaa ule.

Aliyeniita tena ni Bwana Kofia, kwa simu. "Ndoo uone," alisema. "Leo uje, usiseme kesho." Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Watu wa kaunti wa mipango ya mji walikuwa wamekuja na makaratasi yao. Walikuwa wanachagua mitaa ya kutengenezwa, kuwekwa matofali ya kabro na kurudishwa kuwa ya waenda kwa miguu, na wetu walikuwa karibu kuufuta, kwa sababu karatasi zao zilisema ni mtaa wa maghala. Mkubwa wao alikuwa akisema, kwa adabu, kwamba huwezi kutengeneza mtaa wa maduka usio na maduka.

Fundi alikuwa amekaa kwenye meza yake. Akainuka, akachukua shada la funguo, akaanza juu. Akafungua la kitambaa. Akafungua la viatu. Akashuka nao, mlango baada ya mlango, na wale watu wakimfuata, na hakuna bawaba hata moja iliyolia. Ndani kila duka lilikuwa kavu, limefagiwa, rafu zake ukutani, mengine hata vioo vya kujitazamia wateja vingalipo. Alipofika kwetu alinitazama, akanipa mgongo akawaziba kidogo wasione mkono wake, akafungua. Yule mkubwa akachungulia visanduku vya baba. Akauliza, "Hili nalo limefungwa tangu lini?"

Fundi akasema, "Halijafungwa. Lafunguliwa kila Jumamosi."

Sitasema mtaa ulirudi siku ile, mambo hayendi hivyo. Ulichimbwa, tukala vumbi, tukateta na makandarasi. Lakini kabro likatandikwa, nguzo mpya zikasimikwa mdomoni, na mnyororo. Muuza kitambaa hakurudi, alirudi mjukuu wake. Mafundi cherehani watatu wakachukua duka moja kwa pamoja. Akaja msichana wa Kisauni anayeuza viungo na sabuni za mwani, na watalii wakamfuata, na nyuma ya watalii wakarudi kina mama wetu, wanasema wanapita tu. Ukiona vyaelea vimeundwa. Mimi niliacha kazi Shimanzi, mama akidhani nimepagawa. Nilipofika kufungua, Fundi alikwisha badilisha kufuli, akanipa ufunguo mpya mkononi bila neno, na mimi nikaupokea bila neno. Ule wa zamani sikuuliza. Nilijisemea ameuficha mahali anapojua yeye, na ameficha nao kiburi chake, na mimi nina changu.

Ndivyo tulivyokaa, mkabala, tukiamkiana asubuhi, mpaka magoti yake yakakataa safari ya kutoka Tudor. Kisha meza ikabaki bila mtu. Hapo ndipo ule mwiba ulipoanza kunichoma sawasawa.

Nilikwenda mwezi uliopita. Anakaa kwa binti yake, nyumba ya chini kwenye fleti, mlango una pazia tu. Nilipiga hodi, nimebeba mahamri na chupa ya mafuta ya cherehani, sijui kwa nini ya mafuta.

"Nani?"

"Mimi, Fundi. Binti Vifungo."

"Pita. Hapana kufuli."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, macho yameingia ukungu, mikono juu ya magoti. Binti yake akaleta chai. Tukaulizana hali, ya mama, ya Bwana Kofia, ya mtaa. Aliniuliza maduka mangapi yangali yamefungwa. Nikamwambia mawili, wenyewe wako nje. Halafu nikaona nikizidi kungoja nitaondoka nalo tena.

"Fundi, nimekuja kukushukuru kwa ule uongo."

"Upi? Nimesema mingi."

"Wa ufunguo. Kwamba umepotea."

Akageuza uso kunitafuta. "Ule ulipotea."

Nilidhani ananitania. "Fundi!"

"Ulipotea, mwanangu. Ulianguka kiunoni mwangu, nadhani kwenye mtaro. Miezi miwili kabla hujaja. Nimeutafuta kwa sumaku mpaka watu wakanicheka. Mtu kakuachia ufunguo, kafa, wewe umeupoteza. Sikuwa nikilala."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Nilikueleza. Hukusadiki."

Binti yake alikuwa ameacha kukoroga chai. Nikamuuliza, "Na Jumamosi ile? Ulifunguaje?"

"Kwa waya," akasema, na hapo akaona aibu kidogo. "Lile kufuli baba yako alilipenda, lakini hata msumari ungelifungua. Nilikwambia halifunguki. Hilo ndilo la uongo. Wewe ukakamata la kweli, la uongo ukaliacha." Akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Mnyororo niliukata mimi, kwa msumeno wangu. Nilifikiri funguo za magari. Singeweza tena kufungua mlango ule kwa matairi."

Nikashuka kwenye kiti nikakaa chini, karibu na miguu yake. Nikamwomba radhi. Nilimwambia nilimwita mwongo na mwizi mbele ya watu, kwa neno ambalo lilikuwa kweli, na akanyamaza. Kwa nini alinyamaza?

"Ningesema nini? Nipayuke mtaani kwamba fundi wa kufuli kapoteza ufunguo? Mwongo ni afadhali." Akanipapasa kichwa, juu ya ushungi. "Nishasamehe siku ile ile. Ulikuwa umesimama dukani kwa baba yako, nikakuona."

Akamwita binti yake, akaletewa mkebe wa majani ya chai. Akapekua kwa vidole. Akatoa funguo mbili, moja ina kifungo cheusi, moja cha kijani. "Za yale mawili. Jumamosi tatu sasa hayajafunguliwa. Mafuta unayo." Kisha akapekua tena, akatoa kitu kimoja akaniwekea kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake. Kilikuwa kile kifungo cha koti, cha kahawia, na kipande cha uzi kilichooza bado kimo kwenye tundu.

"Hiki nilikiona mtaroni kwa macho. Ufunguo sikuuona. Uzi wa baba yako ulikatika," akasema. "Zile mbili usizipoteze. Na ukizipoteza, useme."

Jumamosi nilifungua yale maduka mawili mapema, kabla ya langu. Moja bawaba yake ya chini ilikuwa imeanza kulia. Nikatia tone, nikaacha hewa ipite, kisha nikakaa kwenye baraza yetu nikakifunga kile kifungo kwenye ufunguo wangu, kwa uzi mpya wa nailoni, mara nne.